Sura ya Sita: Pikapu Iliyostaafu Jeshini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jeshi la Marekani lilikuwa na maelfu ya magari madogo yaliyochoka. Pikapu za Dodge za mfululizo wa M880 zilikuwa zikinywa petroli wakati jeshi likihamia kwenye dizeli. Gama Goat, gari la magurudumu sita lenye mwili wa vipande viwili, lilikuwa limewachosha askari kwa kelele na mafundi kwa matengenezo yasiyoisha. Safari hii jeshi halikutaka kubuni gari jipya. Lilikwenda General Motors, likachukua pikapu ya Chevrolet ambayo wakulima na wajenzi walikuwa tayari wanaiendesha, likaitia injini ya dizeli, stata ya volti 24 na rangi ya msituni. Familia hiyo ikaitwa CUCV, ikatengenezwa kati ya 1984 na 1987. Ambulensi yake ni M1010, gari lake fupi ni M1009, na pikapu yake, inayobeba takriban kilo 1,300 mgongoni, ni M1008.

Zilipostaafu ziliuzwa kwenye minada ya serikali. Nyingine zilipitia kwanza kwenye vikosi vya zimamoto vya vijijini, zikafungwa tangi la maji nyuma, zikazima moto wa nyasi kwa miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa raia. Leo M1008 ni mojawapo ya magari ya jeshi yanayonunuliwa sana Marekani na watu wanaotaka gari wanaloweza kulitengeneza wenyewe. Sura hii ni ya yule aliyekwisha kulipia moja, likashushwa uani kwake, na sasa anashika spana bila kujua aanzie wapi.

Nitasimamia jambo moja mpaka mwisho wa sura: gari la jeshi husomwa kwanza, ndipo likatengenezwa. Karibu kila kitu kinachoonekana cha ajabu ndani yake kiliwekwa kwa sababu, na sababu hiyo imeandikwa mahali. Anayeijua sababu anaweza kubadilisha apendavyo. Asiyeijua atakata waya leo, na wiki ijayo atanunua alteneta.

Kitabu kabla ya spana

Gari linalotoka moja kwa moja mnadani huja na hati ya serikali iitwayo SF 97, ambayo mnunuzi huipeleka kwenye ofisi ya usajili ya jimbo lake ili apewe hati ya umiliki. Hakikisha namba iliyo kwenye hati ndiyo iliyo kwenye bamba la gari. Herufi moja iliyokosewa ni rahisi kurekebishwa kabla hujaanza kutumia fedha, na ni balaa ukiigundua baadaye.

Kisha tafuta vitabu. Jeshi liliandika miongozo ya gari hili kwa mtu ambaye huenda hajawahi kushika injini maishani: TM 9-2320-289-10 ni ya dereva, ile inayoishia na 20 ni ya fundi wa kikosi, na ile inayoishia na 34 ni ya karakana kubwa inayofungua injini na giaboksi. Ni nyaraka za umma, na nakala zake zinapatikana kwa urahisi. Kila boliti muhimu ina kipimo chake cha kukaza, kila waya una namba yake, na kila hitilafu ina ngazi za maswali: je, taa inawaka? Kama ndiyo, nenda hatua ya pili. Kama hapana, pima hapa. Watengenezaji wachache sana wa magari ya raia huwapa wateja wao elimu ya namna hii bure.

Ukiwa na kitabu cha 20 mkononi, zunguka gari zima bila kufungua hata nati moja. Unachokitafuta ni mikono ya watu waliokutangulia. Askari walifuata kitabu. Zimamoto waliongeza taa na king'ora. Raia wa kwanza aliongeza redio, na raia wa pili alikata asichokielewa. Kila waya usioonekana kwenye kitabu huenda uliongezwa baada ya jeshi. Uandike, ufuate mpaka mwisho wake, ujue unakula umeme kutoka wapi. Usiuondoe bado.

Kuna swichi moja kwenye dashibodi ambayo imewapotezea watu wengi siku nzima. Ni ya taa za giza, zile taa hafifu zilizowekwa ili msafara utembee usiku bila kuonekana na adui. Swichi hiyo ikiwa mahali pasipostahili, taa za kawaida na za breki haziwaki, na mtu huanza kubadilisha balbu na fyuzi ambazo ni nzima kabisa. Isogeze kwenye nafasi ya kawaida kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Breki kabla ya injini

Mnunuzi mpya hutamani kusikia injini ikinguruma. Namwelewa, lakini gari lisilowaka halimuui mtu, na lisilosimama huua. Kwa hiyo kazi ya kwanza yenye gharama iwe ya breki, usukani na matairi.

Injini ya dizeli haitengenezi uvutaji wa hewa wa kutosha kusaidia breki kama injini ya petroli, ndiyo maana M1008 ina msaada wa breki unaosukumwa na pampu ileile ya usukani. Huitwa hydroboost. Kuupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uishikilie, kisha uwashe injini. Pedali nzima hushuka kidogo na kisha kuusukuma mguu wako juu. Isipofanya hivyo, angalia mkanda wa pampu, mafuta ya usukani na mipira ya shinikizo kabla ya kuilaumu silinda ya breki. Ukumbuke pia kwamba humo ndani kuna mafuta ya aina mbili yasiyotakiwa kukutana. Hydroboost hutumia mafuta ya usukani, na tone la mafuta ya breki likiingia huharibu sili zake.

Mafuta ya breki yenyewe yana historia. Katika miaka ileile ya mwanzo ya 1980 jeshi lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, kwa sababu hayanyonyi maji na gari linaweza kukaa ghalani miaka bila mabomba kuota kutu kwa ndani. Yakiwa mapya yana rangi ya zambarau, na yakizeeka hufifia mpaka yakafanana na mafuta ya kawaida. Raia mwingine huongeza DOT 3 ya dukani juu yake, ilhali mafuta hayo mawili hayachanganyiki. Kujua una yapi, nyonya kiasi kidogo, kitie kwenye chupa angavu yenye maji, utikise. DOT 3 na DOT 4 huyeyukia ndani ya maji, wakati silikoni hujitenga na kuelea juu. Ukikuta mchanganyiko, dawa ni kumwaga yote, kusafisha mabomba, kubadilisha mipira ya ndani na kuanza na aina moja tu.

Nyuma kuna breki za dramu, na dramu hizo hazitoki kwa kuvuliwa tairi tu. Difu la nyuma ni lile kubwa la General Motors lenye boliti 14, ambalo ekseli yake huzungusha gurudumu bila kubeba uzito wa gari. Unafungua boliti za kichwa cha ekseli, unaivuta nje yote, kisha unatoa habu pamoja na dramu yake. Ni kazi nzito yenye soketi yake maalumu ya kufungulia nati za beringi. Lakini ukifika humo mara moja unaona mambo matatu kwa pamoja: unene wa shuu, hali ya beringi, na kama sili imeachia oili ya difu ikalowesha shuu. Shuu zilizolowa oili zitupwe, kwani hazisafishiki zikaaminika tena.

Mbele, inua gurudumu na ulitikise juu na chini. Ekseli ya mbele ni Dana 60 yenye kingipini, na mchezo unaousikia hapo hutokana na beringi ya gurudumu au kingipini yenyewe. Halafu lala chini upande wa dereva, ambao Marekani ni kushoto, uangalie chesi pale boksi la usukani lilipofungwa. Pikapu hizi za Chevrolet hupasuka hapo. Ufa huanza mwembamba kama unywele karibu na tundu la boliti, mara nyingi ukiwa na mstari wa kutu unaotokeza kwenye rangi. Paoshe kwa brashi ya waya, upamulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiuona, gari lisiingie barabarani mpaka lishonwe na kutiwa bamba la kuimarisha na mchomeleaji anayejua kazi ya chesi.

Matairi ya asili ni 235/85R16. Mengi ya magari haya huuzwa yakiwa na kashata nzuri ya kuvutia macho juu ya mpira uliozeeka. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Iamini tarakimu hiyo kuliko kashata.

Volti 24 na hesabu ya hita plagi

Hapa ndipo gari hili huwashinda wengi, na ndipo lenye utamu wake. Jeshi lilitaka magari yake yaweze kuwashana kwa kebo moja, bila kujali ni kifaru, lori au pikapu, na magari yake mengine yalikuwa ya volti 24. Chevrolet ya kiraia ilikuwa ya volti 12. Suluhisho likawa kuweka dunia mbili ndani ya gari moja. Betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo. Hasi ya betri ya mbele inakwenda kwenye bodi. Chanya yake inaungana na hasi ya betri ya nyuma, na hapo unapata volti 12 za taa, honi na vifaa vya kawaida. Chanya ya betri ya nyuma inatoa volti 24 kwa ajili ya stata na ile soketi kubwa ya mbele ya kuwashana magari.

Kila betri ina alteneta yake. Ya upande wa dereva, GEN 1, hasi yake inakwenda kwenye bodi kama alteneta nyingine yoyote. Ya upande wa abiria, GEN 2, inaonekana pacha wake kabisa, lakini ndani hasi yake imetengwa na mwili, kwa sababu kwake yeye hasi ni zile volti 12 za kati. Mtu asiyejua hufunga alteneta ya kawaida upande wa abiria kwa kuwa matundu ya boliti yanalingana. Waya wa hasi anaourudisha nyuma ya alteneta unabeba volti 12, unagusa mwili uliounganika na injini, na betri ya mbele inatoa nguvu zake zote kwa mkupuo. Waya huungua kabla hajapata muda wa kushangaa.

Gari likifika kwako, chaji kila betri peke yake kwa chaja ya volti 12. Kisha washa injini na upime kila betri kivyake. Kila moja ionyeshe volti 14 na ushei. Ikiwa moja iko 14 na nyingine 12 inayozidi kushuka, umekwisha kujua ni alteneta gani ya kushughulikiwa, na hujabahatisha.

Sasa hita plagi. Injini hii ni V8 ya lita 6.2 iliyobuniwa na Detroit Diesel, yenye vyumba vidogo vya mwako juu ya kila silinda. Injini ya namna hiyo ikiwa baridi haiwaki bila vyumba hivyo kupashwa joto, na kazi hiyo hufanywa na hita plagi nane. Plagi ni za volti 12, lakini jeshi lilizilisha kutoka kwenye volti 24, likipunguza nguvu kwa vipinga viwili vikubwa vilivyofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Maana yake ni kwamba mzigo wa kujipasha ulibebwa na betri zote mbili, si moja tu.

Tazama hesabu yake. Plagi nane nzima zikiwa zimeungana sambamba, upinzani wake unakaribiana na ule wa vipinga, kwa hiyo volti 24 zinagawanyika sawa: 12 kwenye vipinga, 12 kwenye plagi. Plagi moja ikikatika zinabaki saba. Umeme unaopita kwenye vipinga unapungua, hivyo vipinga vinakula volti chache, na plagi saba zinapata karibu 12.8. Zikibaki sita zinapata 13.7. Zikibaki tano, 14.8. Zikibaki nne, kila moja inapigwa na volti 16. Kila plagi inayokufa inaharakisha kifo cha inayofuata. Ndiyo maana mwenye M1008 husema plagi zake zilikuwa nzima mwezi uliopita na leo zote zimekwenda. Zilikuwa zikiuana moja baada ya nyingine.

Rekebisho lililokubalika miongoni mwa wenye magari haya ni kuviondoa vipinga kwenye njia na kulisha rilei ya hita moja kwa moja kutoka kwenye volti 12. Hapo plagi moja ikikatika, saba zilizobaki zinaendelea na 12 zake. Nalikubali rekebisho hili bila wasiwasi kwa kuwa sababu ya awali inajulikana na gharama ya kuiacha ni ndogo kwa raia. Funga pamoja nalo plagi za AC 60G, ambazo zikipata joto hujipunguzia umeme zenyewe. Plagi za zamani zilivimba ncha zikiunguzwa kupita kiasi. Ukikuta moja imekaza, usiilazimishe, maana ncha ikikatika hubaki ndani ya chumba cha mwako, na huenda ukalazimika kung'oa nozeli ili kuitoa. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, isogeze mbele na nyuma kidogo kidogo, uwe na subira.

Kupima plagi hakuhitaji mashine. Chomoa waya wake, weka mita kati ya kichwa cha plagi na injini. Nzima husoma upinzani mdogo sana, chini ya omu mbili; iliyokatika haisomi kitu. Na hata asubuhi iwe ya baridi namna gani, usipulize etha kwenye injini hii. Etha ikikutana na plagi yenye moto hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na ringi za pistoni huvunjika.

Maliza umeme na stata. Rilei yake ikizeeka hugandana, na stata huendelea kuzunguka hata funguo ikitolewa, mpaka iungue au betri ziishe. Badilisha rilei hiyo mapema kwa yenye uwezo mkubwa zaidi. Ukiwa chini ya gari, angalia mwisho wa mbele wa stata. Kuna kipande cha bamba kinachoushikilia kwenye injini, nacho hupotea kila stata inapobadilishwa na mtu mwenye haraka. Bila kipande hicho uzito wote wa stata unaning'inia kwenye boliti mbili, na zikivunjika zinaweza kuondoka na kipande cha bloku.

Dizeli inayorudi nyuma

Hitilafu ya mafuta inayosumbua zaidi ni injini inayowaka vizuri mchana na kugoma asubuhi. Usiku kucha hewa imeingia kwenye njia ya mafuta na dizeli imerudi kwenye tangi. Njia ni ndefu: tangi, mpira, bomba la chuma, pampu ya kuvutia iliyo ubavuni mwa injini, filta kwenye ukuta, kisha pampu ya kusukumia, Stanadyne DB2. Tundu linaloweza kuvuta hewa si lazima livujishe dizeli, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Funga kipande cha mpira angavu kwenye njia ya kurudishia mafuta juu ya pampu, uwashe, utazame. Mapovu yakipita, hewa inaingia mahali. Anza na mipira mifupi ya kurudishia iliyo kati ya nozeli na ule mfuniko mdogo wa mwisho wa mstari. Ni rahisi, huzeeka pamoja, na hubadilishwa yote kwa mara moja.

Kuna maradhi mengine yanayojificha. Ndani ya DB2 kuna pete ya plastiki laini kwenye gavana, na kwa uzee hupukutika ikawa chembe nyeusi. Chembe hizo huziba vali ndogo ya kurudishia mafuta iliyo juu ya pampu, na injini huzima yenyewe barabarani kana kwamba dizeli imekwisha. Fungua vali hiyo. Ukikuta chembe nyeusi, kuisafisha kutakufikisha nyumbani tu. Pampu yenyewe lazima ifunguliwe na fundi wa pampu, aweke pete ya aina mpya isiyoharibika.

Pampu inayoonekana haina kazi

Nyuma ya injini, mahali ambapo injini ya petroli ingekuwa na distributa, M1008 ina pampu ndogo ya kuvuta hewa. Giaboksi ya otomatiki, Turbo 400 ya gia tatu, huutumia mvuto huo kujua injini imebebeshwa mzigo kiasi gani. Kipira kimoja kikipasuka kati ya pampu na giaboksi, gia huchelewa kuingia na huingia kwa kishindo. Giaboksi nyingi nzuri zimefunguliwa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kipande kifupi cha mpira. Fuata mipira hiyo kwa mkono, uipime, ndipo ufikirie kumwita fundi wa giaboksi.

Ila pampu hiyo ina kazi ya pili isiyoonekana kwa juu. Shafti yake ndiyo inayopitisha mzunguko wa kemshafti kwenda kwenye pampu ya oili. Mtu anayeamua kuing'oa kwa kuwa haitaki, akaziba tundu na kuwasha injini, anawasha injini isiyo na oili hata tone linalosukumwa. Ndani ya muda mfupi beringi za krenki zimekwisha. Sijui mfano mwingine kwenye gari hili unaoonyesha waziwazi zaidi gharama ya kutoa kitu kabla ya kujua kinafanya nini.

Injini yenyewe, yenye nguvu za farasi 135, haina makuu ikitunzwa. Tazama puli ya chini mbele inayotuliza mtetemo wa krenki. Katikati yake kuna mpira, na mpira ukipasuka puli huyumba, mtetemo unarudi kwenye krenki, na krenki za injini hii hukatika. Puli hiyo ni ya bei ndogo ukilinganisha na injini, ibadilishe hata kwa shaka. Baada ya kuwasha injini ikiwa baridi, binya mpira wa juu wa rejeta. Ukigeuka mgumu ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata moto, gesi ya mwako inaingia kwenye maji, na gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina dosari.

Kwenye miguu, badilisha mafuta yote kwa kufuata kitabu, na uangalie moja linalokosewa sana: transfa ya NP208 hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kamwe si oili nzito ya difu. Difu la nyuma lina kifungio cha Detroit Locker, hivyo mlio wa tik-tik na kuvutana kidogo unapokata kona ni tabia yake ya kawaida. Uwiano wa difu ni 4.56, uliochaguliwa kwa kubeba mzigo kwenye matope. Kwa kilomita 90 kwa saa injini tayari inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na kikomo chake ni 3,600. Likubali gari kama gari la mwendo huo, nalo litadumu.

Rangi ya msituni

Watu wengi hupanga kuanza na rangi. Mimi naiweka mwisho, na kwa sababu ya afya. Rangi ya jeshi iitwayo CARC ilitengenezwa ili isinyonye kemikali za vita na iweze kuoshwa ikiwa imechafuliwa. Ni ngumu na haing'ai. Ikipulizwa hutoa isosayaneti zinazoharibu mapafu, na rangi za chini za zamani zilikuwa na kromia na risasi. Vumbi lake likipigwa msasa mkavu ni sumu inayobaki uani mnapocheza watoto. Palipo pazima paache palivyo. Palipo na kutu, hasa pembe za kebini, chini ya milango na matao ya magurudumu ya nyuma, fanya kazi kwa msasa wa maji, ukiwa na barakoa ya vichujio vinavyostahili, mbali na nyumba. Kupuliza rangi mpya ya aina hiyo muachie mwenye chumba na vifaa vyake.

Kubaki na 24 au kurudi 12

Mwisho wa kazi zote utakutana na swali ambalo kila mwenye M1008 huulizwa: kwa nini usiing'oe volti 24 yote, ufunge stata ya volti 12, alteneta moja, na gari liwe kama Chevrolet yoyote? Inawezekana, na sehemu zake zipo kwa wingi kwa kuwa injini ya lita 6.2 ilifungwa pia kwenye pikapu nyingi za kiraia na kwenye Humvee za kwanza. Aliye mbali na duka la vipuri vya jeshi ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Mimi nashauri kubaki na 24 kwa yeyote ambaye amepita hatua za sura hii. Stata ya volti 24 huizungusha dizeli baridi kwa nguvu ambayo stata ya 12 huifikia kwa kebo nene na betri nzima kabisa. Alteneta mbili ni akiba, na hitilafu zake zimeandikwa ukurasa kwa ukurasa. Anayebadilisha mfumo mzima anakuwa na gari lisilo na kitabu, na mnunuzi atakayemfuata ataanza upya kufuata nyaya zisizo na namba.

Ukiamua njia yoyote kati ya hizo mbili, iandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari la namna hii ni mali inayopita mikono mingi. Andika tarehe, kilomita, sehemu uliyobadilisha, namba yake ya dukani, na kila waya ulioongeza ukiwa na rangi yake na mwanzo wake. Jeshi liliweza kukabidhi makumi ya maelfu ya magari haya kwa vijana wasio na uzoefu, yakatembea, kwa sababu kila aliyelipokea gari alipokea na maandishi yake. Wewe umelipokea bila kumbukumbu za kikosi chake, kwa hiyo jukumu la kuzianzisha upya ni lako, na atakayelinunua kutoka kwako ana haki ya kuzikuta.